Brokoli inayongojea baridi

Jumanne jioni, mwezi wa tatu

Amepiga simu tena! Furaha, dada ya bwana yangu, mutoto wa hapa hapa Mudzipela, Bunia, leo ananiuliza kutoka Canada baridi ya barafu ya mwisho ilikuwa lini. Eti paketi ya mbegu za brokoli alizonitumia inasema mutu apande kufuatana na siku ile.

"Furaha, weye uliona barafu wapi huku Bunia?"

"Lakini ni vile wameandika, Mama Neema!"

Wameandika. Mvua imeshaanza, miche inarefuka ovyo ndani ya beseni nyuma ya jikoni, na mutu wa Canada ananikataza kupanda. Nilitaka kutupa simu.

Siye tunaangalia wamama wenye mashamba njia ya Aveba. Wakianza kulala kule, tunajua kumetulia, watu wa bunduki wako mbali, tunabeba miche kwenda shambani. Juzi walilala. Jana pia. Nilikuwa nimeshafunga beseni.

Leo asubuhi wamerudi wote mbio, majembe na magodoro kichwani. Hakuna aliyesimama kunisalimia.

Hiyo sikumuambia Furaha. Mwishoni akaniuliza: "Sasa kama hakuna barafu, unangojea nini?"

Nikamujibu nangojea baridi ipite.