Chaguo la Mchakato Mmoja, na Jani Nililopeleka Masama

Jumapili. Moshi kumepoa tangu asubuhi, mawingu yamelala juu ya mji na nguo nilizofua jana bado zina unyevu. Nina aibu, na leo sitaizungushia maneno.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnakumbuka chapisho langu la mwezi uliopita, lile la kujisifu. Nimo katika kundi la watu wanaotengeneza kihariri, yaani ile programu ambayo watu huitumia kuandikia programu nyingine. Kihariri chetu huendesha kila dirisha peke yake, kama mchakato unaojitegemea, kila moja na chungu chake. Ni salama, lakini kinakula sana kumbukumbu ya kompyuta, na kompyuta za wengi wetu huku ni za mtumba. Nikaongeza chaguo kwenye mipangilio: mchakato mmoja. Ukiliwasha, madirisha yote yanapikwa chungu kimoja, na kompyuta iliyokuwa inajikokota inaanza kutembea.

Watu walinipongeza. Kichwa kikavimba.

Kitu ambacho sikukiandika kwenye chapisho lile ni kwamba chungu kikipasuka, chakula chote kinamwagika. Kwa kawaida kuna mchakato wa pembeni unaotunza nakala ya kazi ambayo hujaihifadhi. Ukiwasha chaguo langu, na huo unaingia humo humo, na siku kihariri kikianguka unaanguka pamoja na wenzake. Nilijua, maana ilinitokea mwenyewe nikiwa kwenye majaribio. Nilipanga kuweka onyo pale pale mtu anapowasha, halafu nikaona litanitia doa. Nikasema nitaliweka baadaye.

Haika ni binti wa mama yangu mdogo, wanaishi Masama. Amejifunza kuandika programu kwa kompyuta niliyomwachia nilipopata nyingine, na mwalimu wake ni mimi. Chaguo lile nilimwashia kwa mkono wangu, siku niliyokwenda kwao kufuata ndizi. "Sasa itakimbia," nikamwambia, na akafurahi mpaka akaniongezea mkungu. Na ni mimi niliyemfundisha asihangaike kuhifadhi kazi kila mara, kwamba kihariri kinajitunzia nakala chenyewe.

Wiki hii kampuni moja ya Arusha ilimpa jaribio. Aandike programu ndogo, aitume Ijumaa jioni, na ikiwapendeza wanamwajiri. Haika hajawahi kuajiriwa popote. Mama mdogo alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani, kwa ile sauti ya mtu anayetoa siri anayotaka isambae.

Ijumaa mchana akanipigia. "Dada, kompyuta imestaki, imeganda kabisa. Nikaizima nikawasha, na kazi yote ya leo haipo."

Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Nikamuuliza kama umeme ulikatika, akasema haukukatika. "Basi ni uzee wa hiyo kompyuta," nikajibu, kwa sauti iliyotulia kabisa, utadhani daktari. Akaniomba radhi kwa kunisumbua nikiwa kazini.

Yeye ndiye aliyeniomba radhi.

Akatuma alichoweza. Jana walimjibu kwa upole kwamba kazi haikukamilika na wanamtakia kila la heri.

Leo baada ya ibada nilishindwa kurudi nyumbani. Nikaenda mpaka kituo cha Kwa Sadala, nikachukua bodaboda ya kupanda Masama, na njiani nikamwomba dereva asimame kwenye ua wa mama mmoja tunayefahamiana. Nikaomba jani la isale.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake, umelifunga fundo. Akilipokea amekusamehe, na kulikataa ni jambo zito ambalo wazee hawataki hata kulisikia. Wasichana wa rika langu hatubebi isale siku hizi, tunatuma ujumbe wenye kikaragosi kinacholia. Mimi nililibeba kwa hesabu zangu. Nilijua kwamba mbele ya mama yake Haika hataweza kulikataa.

Hapo ndipo ninapojichukia zaidi kuliko kwenye kosa lenyewe.

Nilimkuta mama mdogo nyuma ya jiko anamenya ndizi. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu", kisha akaliona jani na kuweka kisu chini. Hakuniuliza neno. Akaita kuelekea ndani: "Haika! Njoo umpokee dada yako. Amekuja na isale, na mtu akija na isale haachwi amesimama."

Haika akatoka, akalipokea kwa mikono miwili. "Yameisha, dada," akasema, huku anatabasamu kwa mshangao. Halafu akaniuliza: "Lakini umenikosea nini?"

Nilikuwa nimeshasamehewa, na kosa lilikuwa bado halijatajwa. Naandika hili nikiwa najua nyinyi mnasoma: kwa sekunde chache nilitafuta kosa dogo la kumpa. Yalikuwepo. Kwamba nilimpa kompyuta mbovu, kwamba sikumtembelea tangu mwezi uliopita. Angekubali, tungecheka, ningerudi mjini na ndizi zangu.

Sikuwa jasiri. Nilimwangalia usoni tu, nikashindwa kumdanganya tena. Nikaeleza vipande vipande, macho yangu yakiwa kwenye maganda ya ndizi: chaguo, nakala, onyo ambalo sikuliweka, na uzee wa kompyuta niliousingizia huku nikijua.

"Ulijua nilipokupigia?"

"Nilijua."

Akaligeuza geuza lile jani. "Ungeniambia saa ile, ningewaandikia," akasema. "Walisema mtu akipata tatizo la mashine aseme kabla ya jioni, wamwongezee siku. Mimi sikusema, kwa sababu ulisema ni uzee wa kompyuta. Nikaona aibu kuwaambia nina kompyuta mbovu."

Tangu Ijumaa nilidhani kazi yake imeponzwa na kosa langu la kiufundi. Kumbe kosa lile lilimpotezea mchana mmoja tu. Nafasi ya kazi ilipotezwa na mdomo wangu.

"Isale nimeshalipokea," Haika akasema. "Kungekuwa na namna ya kulirudisha, ningekurudishia."

Mama yake akamkemea kwa Kichaga, polepole. Haika akaingia ndani na jani. Mimi nikaketi kula mtori, supu nzito ya ndizi, kwa sababu kuondoka bila kula kungekuwa kosa lingine juu ya lile. Niliumaliza wote, na sikusikia ladha yoyote.

Nimerudi. Nimewaandikia wenzangu wa kihariri kilichotokea na nimeomba chaguo langu liondolewe hadi onyo na nakala vitakapokuwa sawa. Chapisho la kujisifu nimeliacha lilipo, na juu yake nimeweka kiungo cha kuja hapa. Kesho ofisi zikifunguliwa nitawapigia wale wa Arusha, nijitaje kwa jina langu kamili, niwaeleze kompyuta ya Haika haikuwa na tatizo lolote. Huenda wasinisikilize. Haika hakuniomba nifanye hivyo, na sidhani kama siku hizi ataniomba kitu.

Alinisindikiza mpaka barabarani, kama inavyotakiwa, akasubiri hadi bodaboda ikawaka. Hakuniambia "karibu tena", na kwao hata muuza sufuria anayepita njia huambiwa hivyo.