Bahasha Niliyoirudisha

Matrah, Maskati
20 Novemba 1969, siku ya kumi ya Ramadhani

Mpendwa dada yangu Simha,

Salamu nyingi zikufikie huko London, wewe na shemeji na watoto. Hujambo? Na baridi je, bado unalala na soksi mbili? Sisi hatujambo, twafunga, na joto limepungua hata shuka yatakiwa alfajiri. Kaka yangu Thani mzima, ila ndevu zimeota mvi na hataki aambiwe.

Bahasha imefika. Niliitambua kabla sijaishika, maana ndiyo ile ile niliyoirudisha miaka miwili iliyopita bila kuifungua, na gundi yake bado imeshika. Nimesoma na ile karatasi yako ya mistari mitatu, kwamba mama yetu, Mama Zohra, amefariki mwezi wa Agosti. Nimelia, Simha, mchana kutwa.

Sijitetei. Thani alipoileta kutoka London, vita vya Juni vya Waarabu na Israeli vilikuwa bado vibichi, na jirani yangu ni Ummu Majid, mke wa mwalimu, Mpalestina aliyefukuzwa kwao mwaka wa arubaini na nane akaacha nguo za mwanawe zimeanikwa kambani. Niliona haya mbele yake. Nikamwambia Thani, "Irudishe. Mie sina ndugu Myahudi." Tena nilipandisha sauti ili ukuta wa pili usikie. Mimi, ambaye mama yangu alipougua homa ya uzazi nilinyonyeshwa na mama yako, juu ya duka la baba yako pale Kiponda, Unguja, tukawa ndugu wa ziwa moja, undugu ambao dini yangu yenyewe yautambua.

Safari hii sikuthubutu kuifungua peke yangu. Nilikwenda kwa Ummu Majid nikamweleza yote. Akaniuliza, "Nani alikuomba? Mimi nimepoteza nyumba. Sikukwambia nawe utupe mama kwa ajili yangu." Sikuwa na pa kuuweka uso.

Tukaifungua pamoja. Mwandiko wako, maneno ya Mama. Anasema wewe na wenzako mnasimama mlangoni mwa sinagogi mkitaka Wapalestina wapate haki yao na Waisraeli walale bila hofu, na kwamba watu wenu wenyewe wamewanunia. Yeye hajuti kuwaunga mkono, kwani Torati imeamrisha mgeni asionewe, maana nanyi mlikuwa wageni Misri. Anasema hata Hanuka, sikukuu yenu ya taa, ina vita ndani yake, lakini yeye aliwafundisha watoto wakumbuke mafuta ya zile taa kuliko mapanga. Mwishoni ananiuliza mimi, niliyeyakimbia mapinduzi Unguja na nguo za mwilini tu, naonaje. Simha, aliningoja nimjibu, na mimi nilikuwa nimekasirika.

Jibu langu ni kwamba alisema kweli, nawe usichoke kusimama. Ummu Majid naye amekuandikia, karatasi yake imo humu. Baadhi ya maneno yake ni makali. Amesema uyasome yote, kisha umjibu.

Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu sijapata bado, lakini majuto ninayo ya kutosha nyumba nzima.

Unajua hapa malango ya mji yakishafungwa hatutembei bila fanusi? Walinzi wanataka wauone uso wa mtu. Mwanzoni nililalamika sana. Sasa kila nikiishika fanusi namkumbuka Mama akiweka taa zake dirishani makusudi, wapita njia wazione, na mimi binti yake nikajificha.

Nisalimie sana shemeji Yosef na binti yako Naomi. Thani anakusalimu, na Ummu Majid pia, ingawa amenuna kidogo. Mungu amrehemu mama yetu, akuhifadhi na wewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nataka kuwasha taa zote nane siku ya kwanza, Mama akinipiga kidole na kusema, "Moja leo, mwanangu. Kesho tutaongeza"? Mwaka huu Hanuka yenu imeangukia kumi la mwisho la Ramadhani yetu. Ukiwasha ile ya kwanza, mwambie Mama kuwa Kheiria amejibu.

Nduguyo wa ziwa moja, aliyekukana naye akupendaye,
Kheiria