Taa Iliyomkonyeza Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, kwenye meza yenye mguu mfupi,
Jumamosi, tarehe 14, saa tano asubuhi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Salamu zangu zikufikie na zikukute umeketi, ingawa nakujua, huketi. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji yangu, bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mmenunua mashine ya kusaga? Msalimie, mwambie nilimtetea. Sisi huku wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Mama ni mzima isipokuwa magoti na hasira.

Usishangae mwandiko ukipanda na kushuka. Tangu nianze mistari hii nimeinuka mara tatu kwenda barazani, na kalamu nakwenda nayo.

Tiketi ya Mama ya Jumatatu tumeipata. Ameisoma, ameikunja, ameiweka chini ya godoro, na tangu hapo haongei nayo wala haongei nami vizuri. Begi lake liko mlangoni. Najua ulisema kwa wema: friji likishindwa kutunza dawa yake ya sukari, Mama aje akae kwako. Nami nilikuapia, kwa kifua mbele kama kawaida yangu, kwamba friji halitashindwa. Sasa nina mpaka jioni ya leo kujua nani kati yetu alisema kweli.

Nitakueleza toka mwanzo, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Ulipotuma zile betri mbili na paneli, Fundi Fyuzi alijileta mwenyewe kuzifunga. Ni yule mama wa mtaa wa nyuma mwenye kibanda cha kutengeneza majokofu. Nikamrudisha. Nilimwambia mtu aliyeendesha lori nchi tisa, akalala chini yake mvua inanyesha, akafunga waya kwa meno, hafundishwi betri. Akaniita Bwana Nchi Tisa, akaenda zake. Jina limenikaa. Hata muuza mkaa ananiita hivyo.

Na kufunga nilifunga, Dada. Betri kwanza, paneli baadaye, friji mwisho, kama kitabu kilivyosema kwenye picha. Maandishi yale madogo niliyaacha, picha zilinitosha. Betri, kwa kuwa ni za maji na zina harufu ya asidi, niliziweka barazani nyuma, kivulini. Ila kontrola niliitundika chumbani kwa Mama, ukutani, juu ya mto wake. Sababu ya kwanza wezi. Sababu ya pili sifa: wageni wote wa Mama hukaa kitandani kwake, nikataka waione.

Ngoja nikatazame kidogo.

Taa ya kontrola bado inakonyeza. Wingu limekaa mbele ya jua kama mtu aliyekuja kukopa chumvi, haondoki.

Kontrola, kama hujaiona, ni kisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni. Kinakaa kati ya paneli na betri, na kazi yake ni ya mpakuaji: betri ikiwa na njaa inapakuliwa, ikishiba inaondolewa sahani. Kina kioo cha namba na taa moja ya kijani. Taa ikipepesa, betri bado inakula. Ikitulia, imeshiba. Hilo tu ndilo ninalolingoja leo, Dada. Taa itulie kabla ya jua kuzama.

Miezi miwili ya kwanza friji lilikoroma kama shemeji. Wa tatu likaanza kuzimika asubuhi. Wa nne likazimika kabisa, ikabidi dawa ipelekwe zahanati, na Mama akawa anakwenda huko kuchomwa sindano asubuhi na jioni, kwa magoti yale. Hajawahi kulalamika. Anaporudi anakaa kwanza kizingitini, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, mpaka pumzi irudi. Mimi huwa nageuka upande mwingine.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Kwenye kikao cha familia pale kwa Shangazi, waliponiuliza friji limekuwaje, nilisema Dada Mkubwa ametuletea betri zilizochoka, za kuokota gereji. Nilisema mbele ya watu kumi na moja, na nikawachekesha. Shangazi aliniambia ulimi wangu hauna breki, nikajibu hata lori langu halikuwa nazo na nilifika. Kama maneno yale yamekufikia, na najua yalikufikia, ni yangu.

Jumatano nikanywea, nikaenda mwenyewe kwa Fundi Fyuzi. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamaliza kwanza friji la muuza maziwa, akamaliza na chai yake, ndipo akasimama. Barazani akapima betri, akatikisa kichwa. Akauliza kontrola iko wapi. Nikamfungulia chumba cha Mama kwa madaha, bado nina madaha kidogo.

Unamjua Mama na vitambaa vyake vya kufuma. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, viti vina vitambaa, na siku ukilala sana sebuleni utaamka nawe una kitambaa. Kontrola ilikuwa na chake, kile kikubwa cha ua jekundu, kimekunjwa mara mbili na kubanwa pembeni kwa pini. Mimi nilikuwa nakiona kila siku, nadhani ni pambo.

Fyuzi akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka kama aliyegusa sufuria. "Bwana Nchi Tisa," akasema, "huyu mgonjwa umemfunika blanketi, halafu unamlaumu kwa homa?"

Kumbe kisanduku kile kinahisi joto. Betri ikipata joto hupunguza kuilisha, asidi isije ikachemka. Lakini hakina mkono wa kufika barazani kuishika betri, joto linalokipata chenyewe ndilo kinalodhani ni la betri. Basi kimekaa chini ya ua jekundu kinatokota, kila siku kinajiambia betri zinaungua, kinazipunja. Betri zako nzima, Dada, zimekufa njaa jua likiwaka. Na yote yameandikwa ukurasa wa nane, maandishi madogo.

Mama alikuwa mlangoni anasikiliza. Nikamuuliza kwa upole kwa nini alikifunika. Akasema kile kitu kilikuwa kinamkonyeza. Yeye mjane, mtu mzima, anavua nguo zake, na kitu ukutani kinamkonyeza kwa jicho la kijani. Fyuzi alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka. Mama hakucheka. Alikitoa kile kitambaa, akakikunja taratibu, akakitia ndani ya begi, akasema, "Kumbe friji langu nimelizima mwenyewe."

Dada, niliinama nikaiokota ile pini sakafuni, nikaitia mfukoni.

Baadaye nilimwambia kosa ni langu niliyekitundika kule kwa ajili ya sifa, na asome ukurasa wa nane kama anabisha. Akasema hana miwani. Nakuomba ukimpigia usilitaje la kitambaa. Nitaje mimi, nitukane, mimi ngozi yangu ni ya tairi.

Alhamisi nikaanza upya chini ya macho ya Fyuzi. Nikatoa friji, kisha paneli, kisha betri. Nikahamishia kontrola barazani, kivulini, hatua moja kutoka kwenye betri, ili visikie joto moja. Nikaongeza maji ya betri mpaka zile bamba za ndani, wenyewe huziita sahani, zikafunikwa. Kwenye kioo nikachagua betri za maji, maana nilikuwa nimeiacha ilivyotoka kiwandani. Kisha betri, paneli, na friji likae pembeni lisubiri. Fyuzi akasema nizipe jua la siku tatu. Taa ikitulia, zimepona. Isipotulia, sahani zimeota chumvi nyeupe, na hapo hata nchi tisa hazitanisaidia.

Leo ndiyo siku ya tatu.

Saa nane. Sijala. Namba inasoma kumi na nne nukta moja, inakonyeza. Nimefagia baraza mara mbili. Mama ameniambia nikipita tena mbele yake atanifunga kamba.

Saa kumi na robo. Kumi na nne nukta nne. Nikiweka sikio kwenye betri nasikia inachemka kidogo kidogo, kama uji ulioanza kufikiria. Fyuzi alisema hiyo ni dalili nzuri. Inakonyeza. Jua limefika kwenye ukuta wa shule. Nimemwachia Mama kiti changu nikaenda chooni kuwaza.

Saa moja kasoro. Dada, nivumilie. Nilikuwa bado chooni. Nikasikia naitwa, si kwa kelele, kwa ile sauti yake ya kuitia mtu chakula. Nikatoka mbio, mkanda mkononi. Mama amekaa mbele ya kontrola, mikono mapajani, anaitazama uso kwa uso kama wanaoposana.

"Imeacha," akasema.

Imetulia, Dada. Kijani kimoja, kimya. Nikachomeka friji, tukakaa wote wawili kulisikiliza likikoroma mpaka jua likapotea kabisa nyuma ya shule, na namba ikasimama kumi na mbili nukta sita, haishuki. Fyuzi amepita, ametazama, amesema neno moja, "Haya," na kwake hilo ni hotuba. Kesho asubuhi nakwenda zahanati kuichukua dawa. Nakwenda mimi, Mama halipigi tena lile zoezi.

Wasalimie shemeji na wale mabinti wawili, mwambie mkubwa barua yake niliisoma na makosa yake nimeyapenda. Shangazi anakusalimu. Keshokutwa nitarudi kwake kuyameza maneno yangu, mbele ya watu walewale kumi na moja. Mungu akulinde, akupe mgongo mpya na usingizi usio na mkoromo.

Mama ametoa kitambaa kwenye begi, amekitandika juu ya friji. Nimepima kwa mkono, hapo hakina madhara. Tiketi ameitoa chini ya godoro, ameniwekea juu ya karatasi hii, kasema niiambatanishe: "Mwambie ageuze jina na safari, aje yeye."

Ndugu yako akupendaye kuliko alivyosema pale kwa Shangazi,

Nchi Tisa