Python Mbili kwenye Kompyuta ya Kahawa

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Nilitaka kuanza kwa kusema sikutakii mabaya. Ningedanganya. Nakutakia, tena mengi tu, na leo nakueleza mbele za watu.

Unakumbuka chumba chetu cha kupanga pale Kashai? Ofisi ya chama cha wakulima Muleba haikuwa na intaneti, kwa hiyo tulipoujenga mfumo wao wa kupokea kahawa tulipakua vifurushi vya programu chumbani, tukavitia kwenye flashi, tukasafiri navyo. Mimi nilishika flashi, wewe ulinishika mkono. Nilikupenda, waitu, jamani, nisifiche. Na ulinifundisha kwa upole: "Ikigoma, uliza kwanza ni Python ipi inayofanya kazi," yaani toleo lipi la ile lugha ya kompyuta tuliyoandikia mfumo.

Kisha ukaondoka, ukamwambia mwenyekiti wa chama kwamba mimi najua kuwasha na kuzima tu.

Tangu hapo hakuna aliyeugusa mfumo wa kupokea kahawa mpaka siku ya kufungua msimu. Siku hiyo mfumo ukagoma. Wakulima wa Ngenge walikuwa wameshapanga magunia hadi barabarani. Skrini inasema kifurushi cha kusoma mizani hakipo. Nakiweka upya, naambiwa kipo tayari. Mwenyekiti akakupigia, akaweka spika. Ukasema utarudi kuutengeneza, ila kwa sharti moja: "Huyo binti mwondoeni kwanza." Nilikuwa nimesimama pale pale, na ulijua nipo.

Nilikaa kwenye kompyuta, nikauliza lile swali lako. Python zilikuwa mbili! Mfumo tuliujenga kwa Python ya zamani, na vifurushi vyote viko kwake. Siku yako ya mwisho uliweka mpya kwa mambo yako, ukaiacha ndiyo iitike mfumo unapowashwa. Kwa hiyo mimi naweka vifurushi kwenye ile ya zamani, mfumo unavitafuta kwenye mpya. Nilijaribu kuipa mpya vile vya kwenye flashi, ikavikataa, maana tulivipakua kwa ajili ya mwenzake. Kama ni makusudi au uzembe wako, sijui, wala sijali. Nilibadilisha mstari mmoja tu, ule wa kuwashia, nikaitaja ya zamani kwa njia yake kamili, yaani mahali hasa ilipo ndani ya kompyuta, na mfumo ukawaka.

Nikamwomba mwenyekiti akupigie tena. Nilitaka tu usikie mashine ikichapa stakabadhi ya kwanza na wakulima wakicheka. Ulikata simu. Nilifurahi mno, na bado nafurahi nikikumbuka.

Juzi walinipigia kutoka chama kingine, kule ulikoomba kazi. Wanataka kujua wewe ni mtu wa namna gani. Ningeweza kusema sikumbuki vizuri. Niliwaeleza yote, polepole, pamoja na sharti ulilotoa kwenye spika huku nasikia. Wakauliza kama ningeweza kwenda mimi kuifanya kazi hiyo.

Naanza huko Jumatatu. Baki salama, na usinitafute.

Mimi,
yule binti uliyetaka aondolewe