Kiti cha Mbele

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, wifi na watoto, nikitumaini kile kikohozi cha wifi kimekwisha na kwamba mnalala vizuri. Sisi huku tupo. Baba anakula, anatembea mpaka getini na kurudi, anagombana na redio. Mimi ni mzima, ila nimechoka, kaka, na si uchovu wa ugonjwa. Ni ule wa kuamka umechoka tayari. Ujumbe wako umefika, ule unaosema gari la baba litoke gereji wiki ijayo likiwa na breki mpya, arudi barabarani, na kwamba fundi asipokiri uzembe wake utamfikisha mbali. Nimeshindwa kukujibu kwa simu. Wewe ukianza kufoka mimi nanyamaza, unanijua. Kwa hiyo nimekaa kuandika, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Uliuliza pia lifti zangu zinaendeleaje. Siku ile nilipokuambia naanzisha huduma ya kuunganisha wenye magari na wasio nayo ulicheka, ukasema Kiherehere hatimaye kapata kazi ya kufanana naye. Basi cheka tena. Ilianza pale ofisini. Tulikuwa sita tunaokaa mtaa mmoja, watatu wana magari, na kila gari linaingia mjini na mtu mmoja ndani, viti vinne vitupu, huku sisi wengine tunasukumana kituoni. Nikachukua daftari, nikaandika huku wenye magari, huku abiria, nani anapita wapi na saa ngapi. Abiria anachangia mafuta, dereva anapata mtu wa kuongea naye. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa sitini, wengine siwajui hata kwa sura.

Nilidhani kazi ni kujua njia. Wapi! Njia ndiyo rahisi, kazi ni watu. Nina mhasibu ambaye hataki kusemeshwa kabla ya saa tatu. Nina bibi mmoja anayejipulizia manukato mpaka dereva anaendesha kichwa kiko nje ya dirisha. Nina wawili waliosusiana wiki nzima kwa sababu mmoja anafungua kioo na mwenzake anafunga, na wote wawili wananipigia mimi saa kumi na moja alfajiri, nina mswaki mdomoni. Na vita kubwa kuliko zote ni ya nani akae mbele. Watu wazima, kaka, wenye wajukuu, wananuniana kwa ajili ya kiti. Ikabidi niweke safu nzima kwenye daftari ya kuandika nani anakaa mbele siku gani, la sivyo ningepata wazimu.

Baba ulimwona mwenyewe alivyokuwa baada ya msiba wa mama. Hakuwa akilia wala kuongea. Alikuwa akienda kukaa ndani ya gari pale uani, limezimwa, mikono kwenye usukani, mpaka nimwite kula. Siku moja akaniuliza kama daftari langu lina nafasi ya mzee mwenye gari safi. Niliruka kwa furaha. Nikampa abiria watatu: muuguzi wa zahanati ya huku kwetu na wale ndugu wawili wa duka la vitabu. Ungemwona! Saa kumi na mbili kamili ameshanyoa, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, ananifokea mimi kwamba nitachelewa. Alianza tena kutania watu. Alianza hata kula kifungua kinywa. Na katika magari yote ya daftari langu, lake ndilo pekee ambalo halikuniletea lalamiko hata moja. Nilikuwa nikijigamba nalo kwa madereva wengine.

Ajali unaijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekusimulia. Asubuhi ya Jumanne, pale kwenye mzunguko wa soko, baba alikunja kushoto akaingia kwenye kitoroli cha mchukuzi kilichoegeshwa, kisha nguzo ya taa. Mchukuzi alikuwa ameondoka kidogo kwenda kunywa chai, nashukuru kwa chai hiyo mpaka leo. Aliyeumia ni mama mmoja fundi cherehani aliyekaa mbele. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nilikuambia breki zilikataa. Ukampigia fundi siku hiyo hiyo, mtu mliyekaa naye dawati moja miaka saba, ukamwambia maneno ambayo hata mimi niliyesimuliwa yamenichoma. Habari ikaenea mtaani kwamba gari lililotoka mikononi mwake juzi tu limemwangusha mzee. Gereji yake ilikuwa haina pa kupita kwa magari. Sasa yamebaki mawili, na moja ni la baba.

Juzi fundi alikuja hapa. Sikutaka kumfungulia, lakini alikwisha kuniona dirishani. Hakuja kugombana. Alikataa kukaa, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akaniambia amezifungua zile breki mara tatu, amezipima, na haoni kosa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza hali ya mgonjwa, kama nakumbuka baba aliwahi kusema lolote, kwa sababu labda kuna kitu alisahau kukaza. Alisema siku hizi anarudia kila kazi mara mbili, na bado anamwamsha mkewe kumwambia kuna nati hakuikaza. Mtu huyu ameshika spana miaka thelathini. Nikamjibu sikumbuki kitu, nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni.

Kaka, breki zilikuwa nzima. Baba haoni.

Nilijua miezi minne kabla. Muuguzi alikuja nyumbani baba akiwa anaoga, akaniambia ni presha ya macho, anaitambua, kwamba mzee anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na pembeni hana kitu, hasa kushoto. Yeye na wale ndugu wa duka la vitabu walimgundua wiki ya kwanza. Badala ya kumwacha wakapatana wenyewe kwamba yeye muuguzi ndiye awe anakaa mbele, na anamsomea barabara kama anayepiga soga: tazama yule mama kushoto na mzigo wake, leo taa imewahi kuwa nyekundu, huyu wa baiskeli naye ana haraka gani. Baba anaitikia, anapunguza mwendo, na hakuna anayesema kitu. Wanampenda, ndiyo maana nililetewa sifa tupu. Lakini alisema inamtisha, na kwamba mimi mwanawe ndiye wa kumnyang'anya funguo.

Nikaahidi nitazungumza naye. Sikuzungumza. Kila asubuhi nilimwona anajifunga tai mbele ya kioo anapiga mluzi, nasema wiki ijayo. Nilichofanya ni kuchukua kalamu na kuandika kwenye daftari, mbele ya jina la muuguzi, kwamba yeye ni kiti cha mbele siku zote. Hilo tu.

Jumatatu ile muuguzi alinipigia kwamba anakwenda likizo, nifanye lolote ila mzee asitoke kesho. Nilikuwa na simu ya pili sikioni, ya wale wa dirisha. Nikasema sawa, sawa. Kisha mama cherehani akaomba nafasi, mgeni kabisa, nikatazama daftari nikaona gari la baba lina kiti wazi, nikamwandika. Mbele. Alipanda, akafunga mkanda, akasinzia, na wale ndugu wawili kule nyuma hawakuwahi kupiga kelele. Nilipofika kwenye ile nguzo, baba alikuwa bado amekaa, anashangaa. Mimi ndiye niliyetamka kwanza. Nilimwambia mbele ya watu, ni breki, sivyo baba? Akanigeukia, akasema ni breki.

Nimekwenda kumtazama yule mama mara mbili. Mkono uko kwenye plasta, vitambaa vya watu amevirudisha. Ananishukuru kwa kumtembelea. Nikitoka pale najiona mchafu.

Nilikuwa nimefika hapa, kaka, baba alipoingia akaniuliza naandika nini muda wote huu. Nilitaka kudanganya nikashindwa. Nikamwambia, akavuta kiti akasema nimsomee. Nikamsomea yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema niongeze maneno yake. Anasema macho yalianza kumwacha miaka mitatu kabla mama hajafariki, na kwamba mama ndiye aliyekuwa akimwonyesha barabara. Unakumbuka tulivyomcheka mama kwamba hawezi kumwacha mzee aende hata kununua mkate peke yake, na akiingia garini hafungi mdomo? Kumbe alikuwa kazini. Baba anasema alipobaki peke yake alikuwa akikaa kwenye lile gari akingoja kusikia mtu anaongea upande wa kushoto. Kama aliomba abiria kwa ajili ya macho au kwa ajili ya hilo, hakusema, nami sikumuuliza. Nililia, naye akanipapasa kichwa kama zamani, akanikosa kidogo, akanigusa shavuni.

Kesho tunakwenda wote wawili, kwa miguu, kwanza kwa mama cherehani kisha gereji. Baba ataacha funguo pale na kusema mwenyewe mbele ya mafundi wote. Mimi nitawaandikia abiria wangu sitini ukweli. Watakaoondoka waondoke, sina nguvu ya kumbembeleza mtu.

Wifi na watoto wasalimie sana. Baba naye anakusalimu. Anasema barua hii ikifika usimpigie yeye. Mpigie kwanza rafiki yako fundi, apate kulala.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere