Kijiko cha Kopo la Viungo

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada Kungumanga,

Pokea salamu zangu nyingi, na pole kwa kazi za jiko la hospitali. Mgongo unaendeleaje? Na yule mpishi mwenzako Mhindi aliyekufundisha mambo ya viungo, bado anakufukuza kwenye sufuria zake? Mimi mwili ni mzima. Mama naye hajambo. Hilo nimelitanguliza makusudi, usije ukaruka mistari kutafuta habari mbaya.

Miezi mitano sasa hujatupigia simu. Salamu zako tunazipata kwa kaka, kama za jirani aliyehama. Sikulaumu hata kidogo, maana anayestahili lawama ndiye aliyeshika kalamu hii.

Nianzie mbali kidogo. Ulipotuletea lile kopo la bati lenye vikombe saba vidogo na kijiko chake ndani, pamoja na karatasi uliyoiandika kwa mkono wako, nyumba hii ilibadilika. Unamjua Mama na chumvi. Daktari alimkanya miaka nenda miaka rudi, akaambulia patupu. Karatasi yako ndiyo iliyomweza. Bizari nyembamba ikawa inakaangwa kavu na kutiwa kwenye maharage, na yale malalamiko yake ya tumbo kujaa gesi yakapungua. Manjano na pilipili manga vikaingia kwenye mboga za majani, tangawizi kwenye supu, mdalasini kwenye uji mahali pa sukari. Chakula kikanoga, chumvi ikapungua bila mtu kugombana na mtu, na presha ikateremka. Mama akawa anamwambia kila mgeni, "Mwanangu ananitibu kwa sufuria." Hata Shangazi, asiyesifu kitu mpaka kiwe chake, aliomba aongezewe mchuzi.

Sasa nifike kwenye uwatu. Uliandika kwamba mbegu za uwatu, kijiko kimoja cha humo ndani ya kopo, zilowekwe usiku kucha, na Mama anywe maji yake asubuhi kwa ajili ya sukari. Ukaongeza kwamba kwanza amwambie daktari, kwa kuwa anameza vidonge vya sukari. Chini ya maneno hayo ulipiga mistari miwili. Kijiko chenyewe unakikumbuka, kile kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Dada, kijiko kile nilikichukua mimi.

Nilikuwa na gauni la bibi harusi la kutia shanga, na shanga zenyewe ndogo, hazishikiki kwa vidole. Kijiko chako kilizichota vizuri ajabu. Nikasema nitakirudisha jioni, kikabaki kwenye droo ya cherehani yangu kule kazini. Huku nyumbani nikawa napima uwatu kwa kijiko cha mezani, tena kilichojaa, nikijiambia kizuri kikizidi ndiyo kizuri zaidi. Daktari sikumwambia neno, nilihofia atatucheka. Wiki tatu nikaendelea hivyo.

Asubuhi moja nikamkuta Mama ameketi sakafuni jikoni, jasho linamchuruzika, mikono inamtetemeka, ananiita kwa jina lako. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Daktari akauliza anatumia nini zaidi ya vidonge, na kabla sijafumbua mdomo Shangazi akadakia, "Si yale madudu ya binti yake aliye mbali!" Nikanyamaza kama maji mtungini. Daktari akaeleza kwamba viungo vya kwenye chungu havina neno, tatizo ni kunywa uwatu mwingi juu ya vidonge. Shangazi hakusikia. Mimi nilisikia vizuri sana, nikajitia hamnazo.

Jioni ile Shangazi akakupigia, akaweka spika. Alikusema mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Na wewe hukujitetea, hukuuliza hata tulipima kiasi gani. Ulilia tu, "Mama, nisamehe, sikujua." Nilikuwa nimesimama mlangoni, uzi mdomoni. Neno langu moja lingekunyamazisha, na sikulisema.

Roho imenisuta tangu siku hiyo. Kopo lilipandishwa juu ya kabati, Mama akairudia chumvi yake kwa hamu ya mtu aliyetoka safari, na mwezi uliopita presha ikapanda tena. Hilo nalo ni langu.

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniona nachota shanga. Akasema, "Fundi, kijiko kizuri hicho, umekipata wapi?" Nikafunga cherehani saa nne asubuhi, nikaenda nyumbani, nikamwekea Mama kijiko kiganjani na kumweleza yote.

Afadhali angenigombeza. Alikigeuzageuza, akakilinganisha na kile cha mezani, akasema, "Kwa hiyo mwanangu alilia bure." Shangazi nimemwambia pia. Amenuna siku nzima, halafu akatangaza kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Ndiyo maana Mama ameniamuru nikuandikie, nisilisemee simuni, ili uwe na ushahidi mkononi siku Shangazi atakapobadili maneno.

Jana daktari kampima. Amesema apike kwa viungo vyake kama zamani, chumvi aiache, na uwatu wa kunywa usimame kwanza. Nimelishusha kopo, nikalifuta vumbi, nikalirudishia kijiko chake. Lakini Mama amekataa kulifungua. Anasema aliamini vibaya juu ya mwenye kopo, basi mwenye kopo ndiye atakayempa ruhusa. Kukupigia anaona haya. Kila jioni anaketi na simu mapajani, na maharage yake hayana chumvi wala bizari.

Nisalimie yule mpishi, mwambie mafunzo yake hayakuwa na kosa. Kaka na mkewe wanakusalimu, na Shangazi pia, kwa namna yake. Mungu akulinde na moto wa jikoni na baridi ya huko.

Mimi sijui kama utanisamehe, na sikuharakishi. Ila piga simu, Dada. Mwambie Mama afungue kopo.

Nikupendaye na kukuomba radhi,
mdogo wako,
Fundi