Mablanketi Manane ya Kulala Msituni

Mama yangu mpenzi,

Uhali gani? Natumaini barua hii imekukuta umeketi, miwani iko puani na lile goti limekupa likizo kidogo. Mmemaliza kupukuchua mahindi ama bado mnangoja mashine ya jirani? Mimi huku niko mzima, nakula, nalala, naenda kazini. Nimemtumia ndugu yangu Simiyu picha za karatasi hizi azichapishe pale Kitale akuletee nyumbani Kamukuywa, kwa sababu simu yangu umeikata mara tatu na mimi bado nina maneno.

Wacha nikueleze pole pole, maana Jumapili nilianzia mwisho. Ulisikia tu "kulala msituni kwenye theluji" ukakasirika. Hapa Kanada, watu wa kiwanda chetu cha mbao huenda msituni kila msimu wa baridi, siku mbili, kwa raha yao. Usicheke. Hawalali chini. Kila mtu hufunga kitambaa kigumu kati ya miti miwili, kikaning'inia kama ile leso uliyokuwa ukimfungia mdogo wangu Nekesa shambani alale ukilima, naye akaingia ndani akajinyoosha. Kiongozi ni Doreen, msimamizi wetu, mama wa miaka sitini na kitu, mkali kukushinda. Mwaka huu tuko wanane na mimi ni mmoja wao. Tunaondoka Ijumaa hii.

Shida ya kulala ukining'inia ni mgongo. Juu unajifunika, sawa, lakini upepo unapita chini yako, na blanketi ulilolilalia linagandamizwa hadi halina faida. Kwa hivyo chini ya kile kitambaa, upande wa nje, unafunga blanketi lingine lililojazwa manyoya ya bata. Doreen hapendi ya dukani. Akauliza nani anajua kushona. Mama, mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Nikasema mimi ni mtoto wa mwanamke aliyeshona magunia ya mahindi Kitale miaka ishirini, na sindano ya gunia niliijua kabla ya kalamu. Basi wakaniachia kazi yote, mablanketi manane.

Nilishona Jumamosi nzima. Kushona nilishona, hata wewe hungepata uzi umekaa vibaya. Kisha nikaanza kujaza, na nikajaza vile ulinifunza: shika pembe, tikisa, gonga chini, shindilia kwa ngumi, tikisa tena, mpaka mnunuzi akipiga gunia kofi lijibu. Nilishindilia manyoya ya bata kama mahindi. Yalipoisha nikaomba mengine. Doreen akaangalia vile nimemaliza mifuko miwili kwa blanketi moja, akaniletea mengine, nami nikadhani amependa.

Kesho yake mchana tukayajaribu nyuma ya nyumba yake. Kila mtu akapanda kwake akalala. Nusu saa haikuisha, Pete, yule jamaa wa msumeno, mtu mnene asiyejua baridi, akashuka ameshika kiuno. "Wafula, bana, nimelalia mlango," akasema. Wengine nao wakashuka, mmoja mmoja. Mimi nilibaki juu kwa kiburi tu mpaka mgongo ukafa ganzi.

Doreen alinieleza bila kupandisha sauti. Kinachokupasha joto si manyoya yenyewe, ni hewa iliyokaa katikati ya manyoya. Ukishindilia umeifukuza hewa, umebaki na ubao. Halafu akasema neno lililoniuma: "Kosa hili lingetokea kule msituni, mtu angeumia. Wewe bado ni mgeni wa baridi. Kuna kibanda chenye jiko pale tunapoacha magari. Lala humo, hakuna atakayekucheka."

Jioni hiyo ndiyo nilikupigia simu, nikiwa bado nalisikia hilo neno. Nawe ukaniambia, "Baba yako alinyeshewa mvua moja tu akitoka Sirisia, kichomi kikamshika nikamzika. Si wewe ulikuwa hapa ukaona? Leo unaenda kutafuta baridi kwa miguu yako?" Ukakata. Sikukasirika, Mama. Kile kikohozi cha Baba mimi pia nakisikia mpaka leo, na ndicho kilinifungia ndani hapa. Miaka miwili nilikuwa nikitoka kazini nafunga mlango, nakaa kitandani na koti mpaka zamu nyingine. Hakuna aliyejua kama naimba ama nacheza mpira. Nilikuwa nakuambia niko sawa, na nilikuwa nakudanganya. Hawa watu saba ndio wa kwanza kuniomba kitu.

Basi Jumatatu baada ya kazi nilianza kufumua, yote manane. Nilitoa zaidi ya nusu ya manyoya, nikayachambua kwa vidole yapumue, nikagawa kila blanketi vyumba vyumba ili yasikimbilie upande mmoja, nikashona upya. Pete alikuja kunishikia kitambaa, akajidunga sindano mara mbili, akaapa ati hatarudi. Jana akarudi na chai, tukamaliza. Usiku huo tukajaribu tena, na baridi ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Nilikaa humo saa mbili nzima, usingizi ukanichukua, Doreen akatikisa kamba kuniamsha. Pete alikuwa ameshaanza kukoroma kitambo.

Doreen akaniuliza kama bado nataka kile kibanda. Nikamwambia hapana, nikienda kulala kwenye jiko, nani ataamini nilichomshonea? Akacheka, akanichagulia miti karibu na yake. Nina soksi mbili za sufu, nina kofia, nina mtu kila upande wa kunisikia nikiita, na magari yako karibu. Baba alikuwa peke yake barabarani. Mimi sitakuwa peke yangu.

Nisalimie Nekesa na mtoto wake, ndugu yangu Simiyu aliyehangaika na makaratasi haya, Shangazi dada ya Baba kule Sirisia, na yule mzee wa kanisa aliyeniombea nikisafiri. Waambie nimenenepa.

Sasa nina ombi moja. Alhamisi, kabla hujawasha jiko la jioni, nitakupigia. Usiniambie mengi. Hata ukiwa na hasira, shika tu useme, "Enda salama." Usiposhika nitaenda hata hivyo, kwa sababu wenzangu wanalalia kazi ya mikono yangu. Lakini tangu nizaliwe sijawahi kwenda mahali bila hilo neno lako, Mama, na mahali hapa naogopa kulikosa.

Ni mimi mwanao wa pili, nikungojaye kwenye simu,

Wafula